Kikundi kipi cha mazungumzo kinamfaa mgonjwa wa saratani? Ulinganisho wa aina nne zinazojenga matumaini

Mgonjwa akishauriwa atafute kikundi cha mazungumzo, mara nyingi huingia kile cha kwanza anachosikia habari zake. Alitaka kupanga atakavyorudi kazini, anakuta watu wanalia. Au anataka kuzungumzia kifo, anapewa karatasi ya kujaza malengo. Wiki ya pili haonekani, na moyoni ameshaamua kwamba mambo ya mazungumzo hayamfai. Kumbe vikundi hivi havifanyi kazi moja, ila hakuna aliyemweleza tofauti zake mapema.

Ulinganisho huu ni kwa mgonjwa, kwa ndugu anayemsaidia kuchagua, na kwa muuguzi au mshauri nasaha anayeandika rufaa. Tunalinganisha aina nne.

Ya kwanza ni kikundi cha malengo na njia. Kimejengwa juu ya nadharia ya mwanasaikolojia Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliyeyagawa matumaini katika sehemu tatu: lengo, njia za kulifikia, na msukumo wa kuzifuata njia hizo. Ya pili ni kikundi cha maana ya maisha, kilichoundwa na William Breitbart na wenzake katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa kufuata mawazo ya Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili aliyeandika kuhusu kutafuta maana ya maisha. Ya tatu ni kikundi cha kutoa ya moyoni, ambacho daktari wa magonjwa ya akili David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford alikitumia kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Ya nne ni kikundi rika, yaani wagonjwa wenyewe kwa wenyewe.

| | Malengo na njia | Maana ya maisha | Kutoa ya moyoni | Rika |
|---|---|---|---|---|
| Swali linalojibiwa | "Nifanye nini sasa?" | "Maisha yangu yana maana gani sasa?" | "Naogopa, nimwambie nani?" | "Yuko mwingine kama mimi?" |
| Muda | Kwa kawaida vikao 8, saa 1.5 hadi 2 | Vikao 8, saa 1.5 | Kila wiki saa 1.5, kwa miezi mingi au mwaka na zaidi | Hauna mwisho maalumu |
| Kiongozi | Mshauri nasaha au muuguzi aliyefunzwa | Mtaalamu wa afya ya akili | Wataalamu wawili | Mgonjwa mzoefu au aliyemaliza tiba |
| Kazi ya nyumbani | Ipo kila wiki | Kusoma, kutafakari, kazi ya urithi (utakachowaachia wengine) | Hakuna | Hakuna |
| Kuingia katikati | Hapana | Hapana | Huwezekana | Ndiyo, wakati wowote |

Kwa aina tatu za kwanza, watu 6 hadi 10 wanatosha. Wakiwa pungufu ya 5, wawili wakiugua siku moja kikao kinavunjika. Wakizidi 10, ndani ya dakika 90 wapo watakaoondoka bila kusema neno, na mara nyingi ni walewale kila wiki.

Malengo na njia: kwa aliye katikati ya matibabu

Kwa mgonjwa ambaye tiba inaendelea na siku zake zimekuwa za kusubiri tu (kusubiri majibu, kusubiri dripu, kusubiri kichefuchefu kiishe), tungeanzia hapa. Saratani humnyang'anya mtu uamuzi: tarehe inapangwa na hospitali, chakula kinapangwa na mwili, hata nywele zinaondoka bila ruhusa yake. Kikundi hiki humrudishia uamuzi mdogomdogo.

Kikao cha dakika 90 kinaweza kugawanywa hivi: dakika 15 kila mtu aeleze wiki yake, 25 kupitia kazi ya wiki iliyopita, 20 somo la siku, 20 kuandika na kusaidiana wawiliwawili, 10 kufunga. Sehemu ya kupitia kazi ndiyo inayobeba kikundi, na ndiyo wawezeshaji huifupisha muda unapobana. Wakifanya hivyo mara mbili, washiriki huacha kuandika.

Uzito wa kazi uko kwenye namna lengo linavyoandikwa. "Nipone" halifai kwenye karatasi hii. Mgonjwa ana haki yote ya kulitamani na kuliombea, lakini njia zake ziko mikononi mwa madaktari na mwili wenyewe. Wiki ikipita bila mabadiliko, anajihesabu ameshindwa. Lengo linalofaa lina kitendo ambacho mgonjwa mwenyewe anaweza kukifanya, lina idadi, na lina mwisho wa wiki.

Tuchukue mama aliye kwenye kemotherapi, aliyeandika: "Nataka kuwa mama kwa watoto wangu tena." Mwezeshaji hamfutii. Anamuuliza, kitu gani watoto wakikiona watajua kwamba mama yupo? Jibu linaweza kuwa kuwasomea hadithi kabla ya kulala. Basi lengo linakuwa: dakika 15 za hadithi, jioni 4 za wiki hii. Kisha njia, zisipungue tatu. Kwanza, asome akiwa amelala kitandani. Pili, mtoto mkubwa asome, yeye asikilize na kuuliza maswali. Tatu, arekodi sauti yake kwenye simu siku za nafuu, ichezwe siku ambazo hawezi kuinua kichwa. Kikwazo kinaandikwa kabla hakijatokea: siku mbili tatu baada ya dripu uchovu unakuwa mkali, kwa hiyo siku hizo ni za rekodi, wala hazihesabiwi kama kushindwa. Mwisho unaandikwa msukumo: saa gani ya siku ana nguvu zaidi, nani atamkumbusha, na maneno gani atajiambia pale hamu inapokatika.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kuwa na njia moja tu. Ikiziba, mgonjwa anarudi kikaoni akiwa amevunjika moyo kuliko alivyokuja. La pili ni kuruka msukumo. Mgonjwa mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni kali) huweza kutaja njia tano kwa ufasaha asiweze kuinuka kufuata hata moja, na huyo anahitaji kuchunguzwa na daktari, karatasi haitamtosha. La tatu ni kikundi kugeuka mashindano, mmoja akitangaza amefikisha malengo yote na mwingine akainamisha kichwa. Mwezeshaji aulize kwanza "umejifunza nini?" ndipo aulize "umefikisha?"

Ugonjwa ukisonga, aina hii haifi, ila kipimo cha muda kinapungua: kutoka mwezi kwenda wiki, kutoka wiki kwenda siku.

Maana ya maisha: kwa ugonjwa uliosonga

Hapa kazi ni kutambua kilichobaki kuwa chako hata saratani ikiwepo, na karatasi ya malengo haina nafasi kubwa. Kikundi hiki kiliundwa mahsusi kwa wagonjwa wenye saratani iliyosonga, na vikao vyake 8 vina mpangilio. Cha kwanza kinaeleza dhana na vyanzo vya maana. Cha pili kinazungumzia utambulisho kabla na baada ya saratani. Cha tatu na cha nne vinahusu urithi: tulichopokea, tunachoishi, tutakachoacha. Cha tano kinahusu msimamo mbele ya jambo lisilobadilika, cha sita ubunifu na wajibu, cha saba upendo, uzuri na ucheshi. Cha nane ni cha kuagana na kuangalia mbele.

Zoezi la kikao cha pili linatosha kukuonyesha ladha ya kikundi. Mshiriki anaandika majibu manne ya swali "Mimi ni nani?", kisha anajadili ugonjwa umegusa lipi na haukugusa lipi. Mtu anaandika: fundi, baba, mpenda soka, mtu anayetegemewa. Fundi limeguswa, mikono haina nguvu. Mpenda soka lipo palepale. Baba lipo, ila limebadilika umbo. "Anayetegemewa" ndipo pazito, na hapo mwezeshaji mzuri hunyamaza, huwaachia wenzake waulize nani anamtegemea leo na kwa lipi. Mara nyingi kikundi humwonyesha kwamba wao wenyewe walikuwa wakimsubiri afike ndipo waanze.

Ushahidi wake ni mzuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 253 wenye saratani iliyosonga waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya kikundi hiki na kikundi cha kawaida cha kusaidiana. Waliokuwa kwenye kikundi cha maana walipata nafuu zaidi katika ustawi wa kiroho na ubora wa maisha, na walipungukiwa zaidi na sonona, hali ya kukata tamaa na hamu ya kufa mapema.

Udhaifu wake mkubwa ni mahudhurio. Watu wa hali hii wanalazwa, wanazidiwa, wanafariki kabla ya kikao cha nane, na kwa kuwa kila kikao kinajengwa juu ya kilichotangulia, anayekosa viwili anapotea njia. Waanzilishi wenyewe walitengeneza toleo la mtu mmoja mmoja lenye vikao 7 vya saa moja, linaloweza kusogezwa kufuata ratiba ya mgonjwa au kufanyika pembeni ya kitanda. Kama mgonjwa wako analazwa mara kwa mara, uliza moja kwa moja habari za toleo hilo.

Hatari nyingine ni mwezeshaji kugeuza vikao kuwa mahubiri. Dini ina nafasi kwa mshiriki anayeitaja, lakini maana haigawiwi na kiongozi. Ukisikia mwezeshaji anaeleza saratani "imekuja kukufundisha" jambo fulani, toka.

Kutoa ya moyoni: kwa hofu isiyosemeka nyumbani

Hakuna somo wala karatasi. Watu wanaketi kwa duara na kusema yanayowasumbua, huku wawezeshaji wakiyashika mambo ambayo kwa kawaida nyumbani hukwepwa: hofu ya kufa, hasira kwa daktari, mwenzi wa ndoa aliyeacha kumgusa, watoto wasioambiwa ukweli. Katika mtindo wa Stanford huongezwa pia mazoezi mafupi ya kujituliza kwa ajili ya kupunguza maumivu.

Matumaini hapa hujengeka kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Mtu anayeweza kutamka "naogopa kufa nikiwa na maumivu" hupata jibu la kweli kuhusu dawa za maumivu na tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya ugonjwa), na hofu iliyokuwa kubwa isiyo na umbo inabaki maswali mawili matatu yanayoweza kupelekwa kwa daktari. Kwa mgonjwa ambaye ndugu zake wote humkatiza kwa "usiseme hivyo, utapona", hakuna aina nyingine inayofikia hii.

Inahitaji wawezeshaji wawili, na sababu ni ya kawaida kabisa: mshiriki akitoka nje akilia, mmoja anamfuata na mwingine anabaki na duara. Kosa la wawezeshaji wapya ni kukimbilia kufariji. Sekunde thelathini za ukimya baada ya mtu kusema jambo zito huonekana ndefu, lakini wakizijaza kwa maneno ya kutia moyo, kikundi kinajifunza kwamba hata hapa kuna mambo hayasemwi.

Mwenzao akifariki, kikundi kisipate habari mtaani. Mwezeshaji awaarifu wote kabla ya kikao kinachofuata, kwa idhini ya familia, na kikao hicho kitengewe yeye. Wajumbe wapya wasiingizwe siku hiyo. Kikundi kinachopita juu ya kifo haraka huwaambia waliobaki kwamba nao watasahaulika hivyohivyo.

Lipo jambo linalohitaji kusemwa wazi, maana bado linatumiwa kuvutia wagonjwa. Mwaka 1989 Spiegel na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Walioshiriki kikundi waliishi kwa wastani wa miezi 36.6 tangu utafiti ulipoanza, ikilinganishwa na miezi 18.9 kwa wasioshiriki. Dunia ilisisimka. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2001, uliohusisha wanawake 235, haukuona tofauti yoyote ya urefu wa maisha. Ulichoona ni hali bora ya moyo na maumivu kupungua, hasa kwa waliokuwa na dhiki kubwa zaidi mwanzoni. Kwa hiyo ingia kikundini kwa sababu ya namna utakavyoishi. Anayekuahidi kwamba mazungumzo yatarefusha maisha, au kwamba saratani imerudi kwa kuwa hukuwa na mawazo chanya, anakutwisha lawama usiyostahili.

Rika: mlango rahisi kuliko yote

Hauhitaji rufaa, kadi wala tathmini. Mtu aliyekatwa titi anakutana na aliyekatwa miaka kumi iliyopita, anamwona anacheka, na mara nyingine hilo pekee linafanya kazi ambayo vikao vitatu vya kitaalamu vingeifanya. Kinafaa sana baada ya matibabu, wakati hospitali imekuachia na hofu ya ugonjwa kurudi bado ipo.

Hatari yake ni ushauri wa dawa. "Mimi niliacha kemo nikatumia majani" ni sentensi moja inayoweza kumtoa mtu kwenye tiba inayoponya. Kikundi rika kilicho salama kina kanuni ya kutopendekeza dawa wala dozi, na kina mtaalamu ambaye kiongozi anaweza kumpigia simu. Kisipokuwa na viwili hivyo, nenda kwa ajili ya kampani, maswali ya tiba yapeleke kwa daktari wako.

Sasa chagua: swali kwanza, mwili baadaye

Anza na kinachokukosesha usingizi, ukilinganishe na mstari wa kwanza wa jedwali. Aina ya saratani si kigezo kikubwa kama watu wanavyodhani. Hatua ya ugonjwa ndiyo kigezo. Mtu aliyegunduliwa juzi na tiba yake inatarajiwa kumponya, akiwekwa duara moja na wanaojiandaa kufa, huondoka na hofu mpya, na wale wengine nao hujibana wasimtishe. Ikibidi kuchanganya, kikundi cha malengo huvumilia mchanganyiko kuliko cha kutoa ya moyoni.

Kisha mwili. Madaktari hupima uwezo wa mgonjwa kwa ngazi za ECOG. Aliye ngazi ya 0 hadi 2 anajihudumia na yuko macho na miguuni zaidi ya nusu ya muda wa mchana. Anaweza kikundi cha ana kwa ana. Ngazi ya 3, yaani yuko kitandani au kitini zaidi ya nusu ya muda huo, apewe mazungumzo ya mtu mmoja mmoja au vikao vifupi kwa simu. Aliye kwenye kemotherapi ajue pia kwamba kwa dawa nyingi seli nyeupe za damu, zinazoukinga mwili, hufikia kiwango chao cha chini zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo chumba kilichojaa watu kina hatari ya maambukizi. Ajiunge kwa mtandao, au kikundi kiwe na chumba chenye hewa na kanuni ya mwenye mafua kubaki nyumbani.

Kikundi cha mtandaoni kiwe kidogo zaidi, watu 6 hadi 8, kila mmoja akiwa peke yake chumbani na spika za masikioni. Mwezeshaji awe na namba ya simu ya kila mshiriki na anwani ya mahali alipo siku hiyo. Bila hivyo, mtu akikata mawasiliano baada ya kusema hataki kuishi, hakuna wa kumfikia.

Wapo ambao hawapaswi kuingizwa kikundini kwa sasa: aliyechanganyikiwa, mwenye mpango wa kujiua, na mwenye sonona kali ambayo haijaanza kutibiwa. Kwa hojaji ya kupima sonona iitwayo PHQ-9, yenye maswali 9 na alama hadi 27, kuanzia alama 10 mtu anahitaji kuonwa na mtaalamu. Na akikubali swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, aonwe siku hiyohiyo hata jumla ikiwa ndogo. Kundi lingine husahaulika: mgonjwa ambaye familia imemficha jina la ugonjwa wake. Kumleta kwenye duara la wagonjwa wa saratani ni kumwambia kwa njia mbaya kuliko zote. Daktari azungumze naye kwanza.

Kabla ya kujiunga, omba mazungumzo ya ana kwa ana na mwezeshaji, dakika 20 hadi 30. Muulize amesomea nini na nani anamsimamia. Muulize kikundi kimefungwa au wazi, wenzako wako hatua gani ya ugonjwa, na mtu akifariki wanafanyaje. Usiri unahusu nini hasa, na ni lini mwezeshaji analazimika kuuvunja? Ndugu wanaruhusiwa kuingia? (Afadhali wawe na chao, mgonjwa hasemi hofu yake mbele ya mwanawe.) Asiyependa kuulizwa maswali haya, mwache.

Uliza pia wanapimaje kama kikundi kinasaidia. Kipimo cha Herth cha matumaini kina kauli 12, kila moja alama 1 hadi 4, kwa hiyo jumla ni kati ya 12 na 48. Kinajazwa kabla ya kikao cha kwanza na baada ya cha mwisho, kwa dakika chache. Alama zikishuka, mwezeshaji akuite mzungumze, kwa kuwa huenda maumivu yameongezeka au majibu mabaya yametoka wiki hiyo, na yote mawili yana hatua zake.

Jipe vikao vitatu kabla ya kuhama. Cha kwanza wengi hutoka wamechoka, wengine wakilia njiani, na hiyo haimaanishi kwamba pamekosewa. Ila kama baada ya cha tatu bado unakosa usingizi usiku wa kuamkia kikao, au unajikuta unajifanya uko sawa ili usiwasumbue wenzako, mwambie mwezeshaji faraghani na taja aina nyingine unayoitaka kwa jina. Kuhama kutoka kutoa ya moyoni kwenda malengo na njia, au kinyume chake, ni jambo la kawaida. Kuaga kikundi unachokiacha, hata kwa ujumbe mfupi uliosomwa na mwezeshaji, kunawasaidia nao wasidhani umezidiwa.